Tunavyojihujumu Katika Biashara na Mali

Maandishi ya mhadhara uliotolewa Johannesburg baada ya swala ya Alasiri, katika kumi la kati la mwezi mtukufu wa Ramadhani. Yamenukuliwa kutoka katika sauti na kusahihishwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuzikunjua riziki na kuzikunja kwa hekima Yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Viongozi wa jumuiya wamenitaka nizungumze leo juu ya mali na biashara, na hasa juu ya jambo waliloliita kujihujumu, yaani mtu kuivunja kwa mkono wake mwenyewe kazi aliyoijenga kwa mkono huo huo. Nimekubali kwa furaha, na kwa hofu kidogo pia, kwa kuwa ni rahisi mno kwa mwenye kukaa kivulini kuwalaumu wenye kusimama juani.

Kwa sababu hiyo naanza na yale yasiyotokana na mikono yetu. Mwezi Mei mwaka 2008 machafuko dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, katika mji wetu huu, yakaenea nchi nzima, na zaidi ya watu 60 wakauawa. Yakarudi mwaka 2015, yakarudi tena Septemba 2019, na maduka yakavunjwa na kuporwa mchana kweupe. Oktoba 2013 wakuu wa jiji waliwaondoa wachuuzi kwa maelfu katika mitaa ya katikati ya mji, wakiwemo wenye vibali halali, mpaka Mahakama ya Katiba ikawaruhusu kurudi mwezi Desemba mwaka huo huo. Agosti 2023 jengo la Usindiso kule Marshalltown liliungua usiku, wakafa watu 76, na miongoni mwao walikuwamo ndugu zetu wa Tanzania na Malawi. Wako kati yetu wanaotembea na karatasi ya muomba hifadhi, karatasi ya kuhuishwa kila baada ya miezi, ambayo mwenye benki huipokea akipenda na huikataa akipenda. Na mgao wa umeme umeozesha samaki na nyama katika majokofu ya watu wengi. Atakayesema kwamba aliyechomewa duka na wahalifu amejihujumu, huyo amedhulumu. Mimi sitalisema neno hilo, wala sipendi lisemwe msikitini.

Lakini yako mengine, ndugu zangu. Na hayo mengine ndiyo tunayoogopa kuyataja.

Mwaka wa 3 wa Hijra Mtume (s.a.w.) aliwapanga wapiga mishale 50 juu ya kilima kilicho mbele ya mlima Uhud, chini ya Abdullah bin Jubayr (r.a.), akawaagiza wasiondoke mahali pale, wawaone wenzao wanashinda au wanashindwa. Vita vilipoanza Waislamu wakashinda. Maadui wakakimbia. Ndipo wengi wa wapiga mishale walipowaona wenzao chini wanakusanya ngawira, wakateremka wakauacha mlango wazi, na Khalid bin al-Walid, ambaye siku hiyo alikuwa bado upande wa Makka, akazunguka na farasi wake akaingilia nyuma. Waislamu wapatao 70 wakafa shahidi. Walipojiuliza limetoka wapi jambo hili, Qur'ani katika Sura Aal Imran iliwajibu kuwa limetoka kwao wenyewe.

Zingatieni kwamba aya haikusema Makureshi hawana kosa. Adui alibaki kuwa adui na dhulma yake ikabaki kuwa dhulma. Hata hivyo waumini walielekezwa watazame ule mlango walioufungua wao, kwa kuwa huo ndio waliokuwa na uwezo wa kuufunga. Zingatieni tena kwamba pigo halikuja katika saa ya udhaifu. Lilikuja katika saa ya ushindi.

Nimeishi katika mji huu miaka mingi, na hilo la mwisho ndilo ninaloliona zaidi. Mtu anafika Bondeni na mfuko mmoja wa nguo. Anatandika meza ya soksi, mikanda na vifuniko vya simu. Anaamka alfajiri, anapigwa na baridi ya Julai, anakula mkate na chai. Mwaka wa tatu anapata chumba kidogo cha duka. Duka linashika, wateja wanalizoea. Basi hapo hapo, linapoanza kutoa, yeye anaanza kuliacha. Alikuwa akifungua saa moja asubuhi, sasa anafungua saa nne. Duka linabaki kwa kijana asiyejua hata bei ya kununulia. Gari linachukuliwa kwa mkopo. Bidhaa zinatolewa kwa marafiki kwa neno la mdomo. Anayemuuzia mzigo kwa jumla anapomdai, wanagombana. Mwaka wa tano tunamwona amerudi mezani kwenye soksi, na ukimuuliza kilichomsibu anakujibu kwa neno moja: husuda.

Kwa nini mtu avunje alichokijenga kwa taabu namna hiyo? Wengine husema ni uvivu. Mimi sikubali. Watu wetu si wavivu; mvivu hapandi mabasi kutoka Tanga au Bukavu, akavuka mipaka minne au mitano, akaja kuanza upya katika lugha asiyoijua. Wengine husema ni ujinga wa hesabu, lakini wamo wahitimu wa vyuo wanaofanya yale yale. Ninavyoona mimi, mzizi wake ni aibu: aibu ya kuonekana mdogo. Tulitoka nyumbani tukiagwa kama watu wanaokwenda kuchota, na tangu siku ile kila tunachokifanya tunakifanya mbele ya macho ya waliotuaga. Meza ya soksi haipigiwi picha. Gari hupigiwa picha. Basi meza inalilisha gari, mpaka meza inakufa.

Abdurrahman bin Awf (r.a.) alikuwa mfanyabiashara Makka. Alipohamia Madina alikuwa mhamiaji kama sisi, mali ameiacha nyuma. Mtume (s.a.w.) akamuunga udugu na Saad bin Rabii (r.a.), mmoja wa matajiri wa Madina, naye Saad akamwambia achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akataka aonyeshwe soko tu. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqa. Jioni ile akarudi na nini? Riwaya iliyomo katika Bukhari inasema alirudi na kiasi cha maziwa yaliyokaushwa na samli. Mtu aliyezoea biashara kubwa amesimama sokoni, katika mji wa watu, mbele ya wote wanaojua kuwa jana alikuwa tajiri, anauza maziwa makavu! Hakuona haya. Akaendelea hivyo siku baada ya siku, mpaka akaonekana na alama za manukato ya harusi, na mahari aliyotoa ilikuwa dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Mtume (s.a.w.) akamwambia afanye walima japo kwa mbuzi mmoja.

Sote tunakisimulia kisa hiki kwa ajili ya ukarimu wa Saad, nao unastahili. Mimi leo nataka mkishike kwa ajili ya yale maziwa makavu.

Iko hadithi nyingine katika Abu Dawud kutoka kwa Anas (r.a.). Wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya isnadi yake, lakini wameisimulia na kunufaika nayo katika mlango huu. Mtu wa Madina alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Akaulizwa kama nyumbani kwake hamna kitu. Akajibu kuwa lipo blanketi moja, upande wanajifunika na upande wanatandika, na kikombe cha kunywea maji. Vikaletwa, vikanadiwa, vikapatikana dirhamu mbili. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza: dirhamu moja anunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka alilete. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwagiza akakate kuni akauze, na asimwone kwa siku 15. Yule mtu akarudi na dirhamu 10.

Tazameni zile dirhamu mbili. Hakuambiwa ale zote, na njaa alikuwa nayo. Hakuambiwa anunue mashoka mawili wakati watoto wanalia. Moja ya tumbo na moja ya shoka, na kati yao pana mpaka. Sasa ingia katika maduka yetu utafute mpaka huo. Droo ni moja. Kodi ya duka inatoka humo, unga wa nyumbani humo, ada ya madrasa humo, muda wa maongezi wa simu humo, na mchango wa harusi ya mtoto wa jirani kule Ilala humo humo. Jioni mtu anahesabu kilichobaki anakiita faida. Hiyo si faida, ndugu yangu. Huo ni mtaji unaokuaga. Wazee walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na sijaona buyu lililochovywa kuliko droo zetu.

Na mtaji ukishaliwa, mtu hukimbilia wapi? Kwa mashonisa. Wakopeshaji hawa wa mitaani wengi hutoza asilimia 30 kwa mwezi au zaidi, na mara nyingi hushika kadi ya benki ya mkopaji kama rehani. Uharamu wa riba mnaujua, sina haja ya kuurefusha. Ninachotaka muone ni kwamba wengi hawaingii katika riba kwa kupenda riba. Wanaingia kwa sababu miezi sita iliyotangulia hawakutofautisha dirhamu ya chakula na dirhamu ya shoka.

Jambo hili lina msimu wake. Mwajua nyote kwamba mavuno ya mji huu ni Novemba na Desemba. Wafanyakazi wanalipwa bonasi, familia zinanunua nguo, na mwenye meza huuza kwa wiki moja alichokuwa akiuza kwa mwezi. Halafu inakuja Januari, mji mtupu, sare za shule, ada, kodi. Nabii Yusuf (a.s.) alikuwa mgeni katika nchi ya watu, ametoka gerezani, akakabidhiwa hazina ya Misri. Mpango wake ulikuwa kwamba mavuno ya miaka ya neema yaachwe katika mashuke, isipokuwa kidogo cha kula, kwa ajili ya miaka ya ukame. Sisi ukame wetu tunaujua tarehe yake! Yusuf alihitaji ndoto ya mfalme ili aujue. Sisi tuna kalenda ukutani. Pamoja na hayo, tarehe 15 Desemba mtu anafunga duka katika kilele cha mavuno, ananunua televisheni tatu na mabegi sita, anakwenda nyumbani kuwa bwana wa mtaa kwa wiki nne, kisha anarudi mwisho wa Januari kukopa nauli ya kutoka Park Station. Kuwazuru wazazi ni ibada. Lakini wazazi hawaondoki mwezi Februari, na nauli ya Februari ni nafuu zaidi.

Aibu hiyo hiyo ndiyo inayotufanya windo jepesi la wenye kuahidi utajiri wa haraka. Wenzetu wa Tanzania wanaikumbuka DECI, iliyowaita watu wapande mbegu wavune, mpaka serikali ikaisimamisha mwaka 2009 na mbegu za watu zikabaki ardhini. Hapa Afrika Kusini iliinuka Mirror Trading International, ya Stellenbosch, ikiahidi kwamba programu ya kompyuta itafanya biashara ya fedha kwa niaba ya watu. Ilikusanya bitcoin zaidi ya 29,000 kutoka nchi nyingi, na mwisho wa mwaka 2020 ikaanguka, mkuu wake akakimbilia Brazil. Wengi waliotumbukia katika mambo haya si mafukara wasio na kitu. Ni wenye kitu kidogo wanaokidharau. Mtu ana meza inayomlisha na kusomesha watoto wawili, lakini meza haina hadithi ya kusimulia, basi anaiuza akanunue hadithi. Wapiga mishale wa Uhud nao hawakushindwa na adui aliyekuwa mbele yao. Walishindwa na kule kutazama walichokuwa wakikusanya wengine.

(Hapa Sheikh alisoma swali lililoletwa kwa karatasi kutoka upande wa kina mama: "Sheikh, nina saluni ndogo. Mama yangu mzazi yuko Tanga, na kila anapopiga simu nampelekea, mara kwa tatizo lake, mara kwa tatizo la mjomba au la jirani. Mwezi uliopita nimepeleka hata fedha za kununulia dawa za nywele. Nikikataa naogopa radhi yake. Nifanye nini?")

Mwenyezi Mungu akulipe kheri, dada yangu, na akuhifadhie mama yako. Radhi ya mzazi si jambo la kuchezewa, na kumhudumia mzazi mhitaji ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo. Huo haupungui kwa sababu ya mhadhara huu. Lakini katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo katika Muslim, Mtume (s.a.w.) alimpa mtu mpangilio: aanze na nafsi yake, kikizidi kiende kwa watu wa nyumbani kwake, kikizidi kiende kwa jamaa zake, kisha ndipo kienee huku na huku. Mama yako yumo ndani kabisa ya mpangilio huo. Jirani wa mjomba wako yuko mwisho wake.

Basi mwekee mama yako fungu lijulikanalo, siku ijulikanayo ya mwezi, kama unavyomlipa mwenye nyumba, na lisicheleweshwe. Hilo litamtuliza kuliko kubahatisha kwa simu. Kisha, na hili ndilo zito, mwambie ukweli wa saluni yako. Mwambie viti ni viwili, mwambie kodi ni kiasi gani. Wazee wetu wengi hawatuombi kwa uchoyo. Wanatuomba kwa sababu tumewaambia, kwa picha na kwa kimya, kwamba tunazo. Mama akijua kuwa ile fedha ni ya dawa za nywele, na kwamba bila dawa hakuna saluni na bila saluni hakuna fungu lake, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kukuzuia. Na mkinambia kwamba mtu wa Bondeni hawezi kumwambia mama yake kuwa ana viti viwili tu, basi huo ndio ugonjwa ninaouzungumza tangu nilipoanza.

Swali hili linanifungulia jambo la pili, nalo ni kuandikiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haikuja kueleza swala wala saumu. Ni aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, na maudhui yake ni deni: liandikwe, aandike mwandishi muadilifu, aandikishe yule mwenye kudaiwa, washuhudie mashahidi, na watu wasichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Isomeni mkirudi nyumbani, mtafute mahali iliposema isipokuwa kwa ndugu. Hamtapaona. Sisi tumeligeuza: tumefanya kuandika ni dalili ya kutoaminiana, na kutoandika ndiyo heshima. Kwa heshima hiyo, kaka anatuma fedha za kiwanja na tofali kwa miaka minane, na siku ya kurudi anaonyeshwa msingi wenye majani. Mdogo wake naye ana maneno yake: fedha nyingine ilikuwa ya matibabu ya baba, nyingine kaka mwenyewe alisema itumike. Pengine wote wawili wanasema kweli! Hakuna karatasi, hakuna anayejua, na udugu umekufa pamoja na nyumba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ninaongeza kwamba ndugu pia hupotea.

Mchezo wetu wa kupeana kwa zamu, ambao Watanzania huuita upatu, Wakenya chama, Wakongomani likelemba na wenyeji wetu stokvel, ni jambo jema. Ukiwa hauna riba ni kusaidiana katika kheri, na umewatoa wengi. Kinachouua ni mmoja kupokea zamu ya kwanza kisha akabadili namba ya simu. Anadhani amewala wenzake elfu kadhaa za randi. Amejila mwenyewe, kwa sababu katika mji ambao benki haikujui, jina lako kwa watu kumi na wawili ndilo benki yako. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga na deni ndani ya swala, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mtu akiingia katika deni husema akaongopa na huahidi akavunja.

Tena mwezi huu wengi wetu tunatoa zaka. Zaka ya biashara ni asilimia 2.5 ya thamani ya bidhaa na fedha taslimu, ikifika kiwango na kupitiwa na mwaka. Asiye na daftari ataijuaje? Anakisia, na kila mwenye kukisia hujipendelea.

Sasa nizungumze juu ya husuda, maana najua wako walioninunia tangu nilipoitaja. Jicho ni kweli, imethubutu katika hadithi sahihi, na kinga yake ni nyiradi za asubuhi na jioni, Ayatul Kursiy na sura mbili za kinga. Hilo ni letu, hatuliachi. Lakini nimefikiwa na watu wanaotaka nilisomee duka, na kabla ya kisomo huwauliza: mwezi uliopita umeuza kiasi gani? Hajui. Umekopesha watu wangapi? Wengi. Unafungua saa ngapi? Inategemea. Ndugu yangu, hasidi gani huyo mwenye bidii ya kukufungia duka mpaka saa nne kila siku? Wapo wanaotoka hapo wakaenda kwa wale wa vikaratasi vinavyogawiwa kwenye taa za barabarani, Profesa fulani, Mama fulani, wanaoahidi kurudisha wapenzi na kuvuta fedha. Wengine kati ya hao waganga wanazungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Wanachukua randi elfu mbili, tatu, za mtaji uliobaki, na pamoja nazo wanachukua kitu kikubwa zaidi, yaani imani ya mtu kwamba jambo lake limo ndani ya uwezo wake kwa idhini ya Mola wake. Aliyeaminishwa kuwa amefungwa hatafungua tena mapema.

Liko jingine, dogo kwa sura, nalo ni kuahirisha. Kaab bin Malik (r.a.) alisimulia mwenyewe namna alivyobaki nyuma katika safari ya Tabuk. Hakuwa mgonjwa wala mnafiki. Kwa maelezo yake hakuwahi kuwa na nguvu na wasaa kama wakati ule, na alikuwa na vipando viwili, jambo ambalo hakuwahi kuwa nalo. Kila asubuhi alitoka kwenda kujitayarisha akarudi hajafanya lolote, akijiambia kuwa anaweza wakati wowote atakao. Jeshi likaondoka. Akasema atalifuata kesho. Kesho ikapita. Mtume (s.a.w.) aliporejea, watu zaidi ya 80 walileta nyudhuru zao zikapokewa kwa dhahiri yake; Kaab akasema hana udhuru. Akasuswa na watu siku 50, kisha ikateremka toba yake katika Qur'ani, mpaka leo tunaisoma. Wale wenye nyudhuru hatuwajui hata majina.

Ni wangapi kati yetu wana jambo la aina hiyo, ambalo kwa saa moja lingekwisha na lina miaka miwili? Kusajili biashara. Kuhuisha karatasi kabla haijaisha. Najua foleni za Idara ya Mambo ya Ndani, najua watu wanalala nje, lakini nazungumza na yule ambaye hajaenda hata mara moja. Kuandika wasia. Kumpigia simu unayemdai, au anayekudai, ambalo ni gumu zaidi.

Nanyi mnaweza. Nasema hivyo kwa ushahidi uliomo ndani ya matumbo yenu hivi sasa. Leo mmeyaacha maji yenu wenyewe, halali, yaliyo ndani ya friji zenu, kwa zaidi ya saa 12, na hakuna polisi aliyewalinda. Mtu aliyesimama mbele ya glasi yake peke yake akaiacha hawezi kuniambia kwamba hana nguvu ya kuiacha droo ya duka mpaka jioni.

Muda unakwenda, na kina mama wana futari jikoni, kwa hiyo nimalizie kwa la kufanyika. Nimezungumza na katibu wa jumuiya. Kuanzia leo hadi usiku wa 20, baada ya tarawehe, nitakaa pale karibu na rafu za viatu pamoja na ndugu wawili wanaojua hesabu. Mwenye deni lisiloandikwa, adai au adaiwe, na aje na mwenziwe. Karatasi na kalamu zipo, na mashahidi tutakuwa sisi. Aliye na jamaa anayemjengea nyumbani na aje na simu, tutaandika naye akiwa hewani. Mwenye duka asiyejua zaka yake na aje na stakabadhi zake hata kama zimo katika mfuko wa plastiki. Hatutauliza mtu ana kiasi gani mbele ya wengine. Kina mama watahudumiwa kwenye chumba cha madrasa, na wahusika huko ni dada zetu wawili wa kamati.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusihitaji haramu Yako, utulipie madeni yetu, uwarehemu ndugu zetu waliofia ugenini, na uzipokee saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.